Maswali ya Wasomaji: Tufaha la Newton na Mifupa ya Tendaguru

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji waniambie watoto wao wanasoma nini kuhusu maisha ya wanasayansi, wanamuziki na watu wengine mashuhuri wa zamani. Barua zimekuja kwa wingi, na sehemu kubwa ya wingi huo imetoka huku kwetu kusini, Mtwara na Lindi. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha, na majina nimeyaacha kama waandishi wengi walivyoomba.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano, na mjomba wake alimletea kutoka Dar es Salaam kitabu cha wanasayansi mashuhuri. Humo amesoma kwamba Newton aliangukiwa na tufaha kichwani ndipo akagundua nguvu ya uvutano, na kwamba Einstein alikuwa akifeli hisabati. Sasa kila akirudi na alama mbaya za hisabati ananijibu kuwa hata Einstein alifeli. Baba yake anataka kitabu kichukuliwe. Nifanye nini? Mama wa watoto watatu, Chikongola, Mtwara.*

Marahaba, mwanangu. Kitabu kisichukuliwe. Mtoto wa darasa la tano anayenukuu kitabu ili kujitetea amekwisha kuwa msomaji, na msomaji hanyang'anywi kitabu bali huongezewa habari. Tuanze na Einstein, kwa kuwa ndiye anayekusumbua nyumbani.

Albert Einstein alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Ulm, Ujerumani, na hisabati aliipenda na kuiweza tangu utotoni. Kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa amekwisha kujifunza, kwa sehemu kubwa peke yake, hesabu ambazo kwetu hufundishwa kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, takriban miaka miwili kabla ya umri wa kawaida. Hisabati na fizikia alifaulu vizuri sana; yaliyomwangusha ni masomo mengine ya jumla, kikiwamo Kifaransa. Akaenda kusoma mwaka mmoja katika shule ya mji wa Aarau, akarudi, na mwaka 1896 akapokelewa. Utu uzimani, alipoonyeshwa habari iliyochapishwa kwamba alifeli hisabati, aliikana mwenyewe. Kwa hiyo mwambie kijana wako kwamba Einstein aliangushwa na somo ambalo kwenye ripoti yake yeye huenda halimo kabisa, na kwamba dawa aliyoitumia ilikuwa kurudi darasani mwaka mzima. Nadhani hoja hiyo hataileta tena mezani kwa haraka.

Habari ya tufaha ina asili ya kweli, ila imetiwa chumvi. Isaac Newton mwenyewe, akiwa mzee, alimsimulia rafiki yake William Stukeley mwaka 1726, walipokuwa wakinywa chai bustanini chini ya miti ya matufaha, kwamba wazo la uvutano lilimjia hapo zamani alipoona tufaha likianguka na kujiuliza kwa nini tunda huanguka likielekea chini moja kwa moja, lisiende pembeni wala juu. Kichwa hakimo katika masimulizi hayo. Kiliongezwa na wasimuliaji wa baadaye kwa sababu kinachekesha. Mimi kicheko hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kitabu kinamfanya mtoto aamini kuwa tunda lilianguka asubuhi na jioni sheria ikawa imekwisha kuandikwa. Newton alikuwa kijijini kwao katika miaka ya 1665 na 1666 kwa sababu chuo cha Cambridge kilifungwa wakati wa tauni, na kitabu chake kikubwa chenye sheria ya uvutano kilitoka mwaka 1687. Hapo katikati kuna miaka zaidi ya 20 ya kukokotoa, kukosea, kuacha na kurudia. Mwanao akitaka kuona alichokiona Newton, huhitaji kumnunulia tufaha sokoni; mwache akae chini ya mkorosho msimu wa mabibo, kisha umuulize kama bibo lililoanguka na mwezi ulio juu yake vinavutwa na kitu kimoja. Hilo ndilo swali lenyewe, na kichwa hakihitaji kuumia.

Utauliza nyongeza hizi hutoka wapi. Zina historia ndefu. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alifariki mwaka 1799, na mwaka uliofuata Mason Locke Weems, aliyekuwa mchungaji na muuza vitabu, akatoa kitabu cha maisha yake. Kitabu kiliuzika sana, kikachapwa tena na tena, na katika toleo la 1806 ndipo kilipotokea kisa cha mtoto Washington aliyekata mcheri wa baba yake kwa shoka kisha akakiri kwa sababu hakuweza kusema uongo. Wanahistoria hawajapata ushahidi wowote wa tukio hilo. Vizazi vingi vya watoto vimefundishwa kusema kweli kwa kisa ambacho mwandishi alikitunga, na tangu wakati huo waandishi wengi wa vitabu vya watoto wameiga mtindo ule ule, yaani kwanza huchagua funzo wanalolitaka, kisha humtafutia mtu mashuhuri utoto unaolingana nalo.

Kanuni ninayoitumia mimi ninapochagua kitabu cha wasifu kwa mtoto ni kwamba mwandishi ana ruhusa ya kupunguza, ila hana ruhusa ya kuongeza. Mtoto wa miaka minane hawezi kubeba maisha yote ya mtu, kwa hiyo kupunguza ni lazima. Kuongeza jambo ambalo halikutokea, hata kwa nia njema, kunamfanya mtoto akue akijilinganisha na mtu ambaye hakuwahi kuishi. Baba yake umwonyeshe ukurasa huu, halafu wakae wote wawili na kalamu ya risasi, waweke alama ya kuuliza pembeni mwa kila kisa kinachoonekana kitamu kupita kiasi.

*Mwalimu, nimesikia redioni kwamba Mmarekani mweusi aitwaye Carver ndiye aliyegundua siagi ya karanga. Wajukuu zangu wanabisha. Ni kweli? Mkulima, Nachingwea.*

Wajukuu wako wameshinda. George Washington Carver hakugundua siagi ya karanga; watu wengine walikuwa wameisajili kabla yake, mmoja wao akiwa Mkanada mwaka 1884. Alichokifanya Carver kinakuhusu wewe mkulima zaidi ya siagi. Alizaliwa utumwani katika miaka ya 1860, akasoma kwa taabu, na kuanzia mwaka 1896 akafundisha kilimo katika chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama, ambako mashamba yalikuwa yamechoka kwa kulimwa pamba mwaka hadi mwaka. Aliwafundisha wakulima maskini kupokezanisha pamba na karanga, kunde na mimea mingine ya jamii hiyo inayorudisha naitrojeni ardhini, na ili karanga zisiozee ghalani akawatolea mwaka 1916 kijitabu chenye njia 105 za kuzipika na kuziandaa. Nachingwea, mahali ambapo mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, ulifika kwa matrekta na kelele nyingi ukafa baada ya miaka michache, watu wanaelewa upesi kwa nini mtu aliyeanza kwa kuuliza udongo unataka nini anastahili kitabu.

*Ndugu Mwalimu, nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi wilayani Newala. Kabati letu lina vitabu vichache vya wasifu, karibu vyote vya Kiingereza, na watu waliomo ni wa Ulaya na Marekani. Mtoto mmoja aliniuliza kama kusini hakujawahi kutokea mtu wa kuandikwa. Nilitaka kumtajia rais Mkapa, lakini darasa zima linamfahamu. Je, kuna wengine? Na je, mwalimu asiye mwandishi anaweza kutengeneza kitabu cha wasifu pamoja na wanafunzi wake?*

Swali la mtoto huyo limenifurahisha kuliko barua zote za mwezi huu, na kwa ruhusa yako nitakaa nalo kidogo.

Hayati Benjamin Mkapa usimwache, hata kama darasa zima linalijua jina lake, kwa sababu wanachokijua watoto ni cheo. Waulize kama wanajua kwamba kijana aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alisomea Kiingereza katika chuo cha Makerere, na kwamba kabla ya siasa kumpeleka Ikulu mwaka 1995 alikuwa mwandishi wa habari na mhariri wa magazeti ya chama na ya serikali. Mtoto anayependa kuandika insha atamwona Mkapa wa chumba cha habari kuwa karibu naye zaidi kuliko Mkapa wa msafara wa magari.

Lakini ningekuwa na darasa lako, ningeanza na Boheti bin Amrani. Kilima cha Tendaguru kiko mkoani Lindi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta madini alionyeshwa huko mifupa mikubwa iliyojitokeza juu ya ardhi, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaendesha uchimbaji uliowahi kuajiri mamia ya watu kwa msimu. Vitabu vingi vinawataja Wajerumani wawili walioongoza, Werner Janensch na Edwin Hennig. Aliyesimamia wachimbaji alikuwa Boheti, na kazi hiyo ilitaka jicho na mkono: kuutambua mfupa uliogeuka jiwe kati ya mawe ya kawaida, kuufukua pole pole usivunjike, kuufunika kwa plasta au udongo, kisha kuufunga barabara kwa ajili ya safari. Hakukuwa na gari. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, na mfupa mkubwa ulikatwa vipande au ukachukuliwa na watu kadhaa kwa mti, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Kwa njia hiyo zaidi ya tani 200 za mifupa zilivuka bahari. Mwaka 1937 baadhi ya mifupa hiyo iliunganishwa Berlin kuwa dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na bado amesimama huko hadi leo. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipoitambua aina mpya ya dinosaria katika mifupa ya Tendaguru, aliipa jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya msimamizi yule. Jina la mtu wa kusini limo katika vitabu vya sayansi ya dunia nzima, na watoto wa Newala hawana habari.

Wa pili ni James Chuma, na huyu utamtumia kuwafundisha watoto kusoma wasifu wa mtu mwingine kwa macho mawili. Kila mtoto anayepita Mikindani huambiwa kwamba David Livingstone alifika pale, na ni kweli. Alishuka pwani hiyo mwezi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Pamoja naye walikuwamo Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, na Abdullah Susi, kutoka nchi ya mto Zambezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake hapo chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1874 pamoja na madaftari na vifaa vyake. Bila madaftari hayo, nusu ya wasifu wa Livingstone isingeandikika. Mpe mwanafunzi kitabu cha Livingstone, kisha mwambie ahesabu ni kurasa ngapi Chuma anatajwa kwa jina na ngapi anaitwa mpagazi tu. Hesabu hiyo itamfundisha habari za mwandishi kuliko utakavyoweza kumweleza kwa mdomo.

Sasa utengenezaji wenyewe. Hauhitaji kuwa mwandishi, unahitaji karatasi za manila, mkasi, gundi na uvumilivu. Ligawe darasa katika makundi, kila kundi lichukue tukio moja la maisha ya mtu mliyemchagua, liliandike kwa sentensi tano au sita na kulichorea picha. Mkiziunganisha kurasa mna kitabu. Tarehe ziwe chache, zile tu zinazomwongoza msomaji. Ramani iwemo, hata ya mkono, kwa sababu mtoto akiuona mstari kutoka Tendaguru hadi Lindi halafu baharini hadi Ujerumani, tani 200 zinapata maana. Jambo lililotoka katika maandishi ya kuaminika liandikwe wazi, na jambo lililosimuliwa na mzee wa kijiji lianze kwa neno inasemekana, pamoja na maelezo kwamba limesimuliwa na wazee wa mahali fulani. Na hapo mwisho kuna mtego ambao walimu wengi huuingia kwa wema: ukurasa wa utoto. Usimtungie Boheti utoto. Usimpe mama aliyemwambia siku moja utakuwa mtu mkubwa, wala usimfanye aote ndoto ya mnyama mwenye shingo ndefu. Anzeni naye pale ushahidi unapoanza, kilimani, jembe mkononi, kazi ikiendelea.

*Assalaam aleikum, Mwalimu. Binti yangu wa miaka 11 amependa mno vitabu vya waimbaji. Amesoma kuhusu Siti binti Saad na kuhusu Mozart, na anaomba vingine. Mimi sipingi kusoma, ila naona afadhali angesoma maisha ya wanazuoni na wasafiri wa Kiislamu. Unasemaje? Mzazi, Kilwa Masoko.*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nasema asome vyote, na sioni kwamba rafu hizo mbili zinagombana. Al-Farabi, mwanafalsafa ambaye wanazuoni walimwita mwalimu wa pili baada ya Aristotle, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya muziki katika karne ya 10. Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na ambaye kitabu chake cha tiba kilifundishwa Mashariki na Ulaya kwa mamia ya miaka, alikuwa amehifadhi Kurani alipofika umri wa miaka kumi, yaani alikuwa mdogo kuliko binti yako.

Na wewe uliyeko Kilwa una utajiri ambao mzazi wa London hana. Ibn Battuta aliondoka Tangier, Moroko, mwaka 1325 akiwa na miaka 21, na mwaka 1331 alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri huyo alisimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha sultani njiani akitoka kwenye sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa zile. Msomee binti yako kisa hicho, kisha mpande mashua mvuke hadi Kilwa Kisiwani, msimame kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na sultani huyo huyo. Hakuna picha ya kitabuni itakayolingana na ukuta ule.

Kuhusu waimbaji, nitasema kwa upole kwamba usimdharau Siti. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, katika familia iliyotoka utumwani, akauza vyungu akivitembeza kwa miguu, hakusoma shule, na hatimaye sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri ambazo zilisikilizwa pwani yote. Aliyeandika wasifu wake si mwingine ila Shaaban Robert, na mtu huyo hakuwa wa kupoteza wino. Kwa mtoto wa miaka 11 wasifu huo una lugha nzito, kwa hiyo msome pamoja, ukurasa mmoja mmoja. Utaona pia kwamba Shaaban Robert anamsifu Siti karibu bila pumzi. Mwulize binti yako ni sifa zipi zimethibitishwa kwa tendo na zipi zimetajwa tu.

Mozart naye ana jambo ambalo vitabu vya watoto hulipita mbio. Vinamwonyesha mtoto wa miaka mitano aliyetunga muziki kama vile ulimshukia. Baba yake, Leopold, alikuwa mwanamuziki wa kazi na mwalimu wa fidla, na kitabu chake cha kufundishia fidla kilitoka mwaka 1756, mwaka ule ule Wolfgang alipozaliwa mjini Salzburg; mtoto alikulia ndani ya darasa. Tena alikuwa na dada, Maria Anna, aliyemzidi miaka minne na nusu, aliyepiga kinanda kwa ustadi na kuzungushwa pamoja naye kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya mpaka alipofikia umri wa kuolewa, ndipo ziara zake zikakatishwa. Binti wa miaka 11 akiuliza kwa nini, swali hilo ni lako wewe mzazi, wala usilikimbie.

*Mwalimu, salamu kutoka Lindi mjini. Mjukuu wangu ana kijitabu cha mashujaa, na kuhusu Kinjeketile kinasema tu kwamba aliwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Hakisemi alinyongwa, wala hakisemi kwamba maji hayakuzuia risasi. Mjukuu ameyasikia hayo kwa wenzake, akaja kuniuliza kama kitabu kinaficha. Mimi nilinyamaza. Mtoto wa miaka tisa anaambiwaje habari za kunyongwa?*

Shikamoo, Mzee wangu. Anaambiwa kwa sentensi fupi. Kitabu hicho kimepunguza, jambo ambalo nilisema lina ruhusa, lakini kimepunguza mpaka kisa hakisimami, kwa sababu mtoto haelewi vita vilianza vipi wala viliishaje. Mwambie kwamba Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba na kulipa kodi. Kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, aliwapa watu maji ya dawa na moyo wa kuwa kitu kimoja, makabila ambayo kabla yake kila moja lilipigana peke yake. Kwamba vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, ambako leo ni mkoani kwenu. Na kwamba Wajerumani walimnyonga mwezi Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa bado vichanga. Maji hayakuzuia risasi, na watu waliendelea kupigana hadi mwaka 1907. Hayo yote mtoto wa miaka tisa anaweza kuyabeba. Yanayoweza kusubiri ni habari za jinsi Wajerumani walivyochoma vyakula na mashamba, na njaa iliyoua watu ambao makadirio ya idadi yao huanzia 75,000 na kufika 300,000. Hayo mpe akiwa darasa la sita au la saba, ila usimwache amalize shule bila kuyajua.

Akikua zaidi atakutana na tamthilia ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi. Mwambie mapema kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa mtunzi, na kwamba mtunzi mwenyewe alilisema hilo waziwazi. Kwa mwandishi wa tamthilia kuongeza si kosa, maana hakuahidi wasifu.

Vifo vingine havina mnyongaji ila vinatia hofu vile vile. Marie Curie, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867 na kupata tuzo ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911, alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliotokana, kwa maoni ya wengi, na mionzi aliyofanya nayo kazi kwa miaka mingi, na madaftari yake hadi leo hutoa mionzi. Edward Tingatinga, jirani yetu kutoka Tunduru, aliyechora kwa rangi za baiskeli na kuanzisha mtindo unaobeba jina lake, alipigwa risasi mwaka 1972 na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Vitabu vya watoto huwaonyesha wote wawili wakitabasamu mpaka ukurasa wa mwisho. Sentensi moja ya kweli ingetosha, na watoto wangeuliza wanachotaka kujua.

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Masasi. Nimesoma habari za Mtanzania aitwaye Mpemba aliyegundua kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji baridi. Mama yangu anauza lambalamba, nikajaribu kwenye friza yake, na maji baridi ndiyo yaliyoganda kwanza. Je, kitabu kimedanganya?*

Marahaba, mjukuu wangu. Kitabu hakikudanganya, kimekatisha habari mahali pabaya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Tanga, na wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari. Nafasi ya friji ilikuwa ya kugombewa, kwa hiyo siku moja akayaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kutoa mhadhara, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu lililo sawa. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja, na jambo hilo likabeba jina la mwanafunzi.

Sehemu ambayo kitabu chako kimeiacha ni kwamba ubishi haujaisha. Mwaka 2016 wanasayansi wawili huko Uingereza walirudia majaribio kwa uangalifu, hawakuona ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu hubadilisha jibu. Wengine wanaona jambo hutokea katika hali fulani, kwa mfano chombo cha moto kinapoyeyusha barafu iliyotanda kwenye sakafu ya friza kikaigusa baridi moja kwa moja, au maji ya moto yanapopungua kwa mvuke. Kwa hiyo jibu lako la maji baridi nalo ni jibu la kisayansi, mradi umeliandika.

Jaribu tena. Chukua vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, usitumie glasi kwa kuwa hupasuka, na maji ya moto amimine mtu mzima. Pima maji kwa kipimo kimoja, kwangua barafu iliyotanda mahali pa kuviweka, vipange umbali sawa na ukuta wa friza, na uamue kabla ya kuanza kama kuganda kwako maana yake ni utando wa kwanza wa barafu au kikombe kizima kuwa kigumu. Andika saa, kisha badilisha nafasi za vikombe na urudie. Fanya hivyo siku ambayo mama hana oda nyingi, kwa sababu friza ikifunguliwa kila baada ya dakika kumi lambalamba zake zitachelewa kuganda, na hapo atakayefunga maabara si mwalimu.